UZI: Chanjo ya saratani ya BioNTech imefika wapi, nani anailipia, na sisi wa Visiwani tushike lipi

#1 MwanaWawi

Assalaam alaykum wanajukwaa,

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, Unguja na Pemba, inasema Wajerumani wamepata chanjo ya kumaliza saratani na sasa kilichobaki ni pesa ya mgonjwa tu. Chini yake watu wanauliza bei. Wengine wameshaanza kupiga hesabu ya mchango wa kumpeleka mtu wao Ujerumani. Habari ile ina ukweli ndani yake, tena ukweli mzuri, ila imekatwa kichwa na miguu. Mimi si daktari wa saratani. Nimefanya kazi ya uwandani kwenye majaribio ya dawa hapa Pemba, kwa hiyo ninachokielewa ni jaribio linavyopangwa, nani hulilipia na matokeo yake husomwaje. Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Kampuni inayosemwa ni BioNTech ya mji wa Mainz, ileile tuliyoijua wakati wa korona ikiwa pamoja na Pfizer. Iliasisiwa mwaka 2008 na Uğur Şahin na mkewe Özlem Türeci, wote madaktari wenye asili ya Uturuki, pamoja na profesa Christoph Huber. Lengo lao tangu mwanzo lilikuwa saratani. Korona iliwakuta njiani.

Kazi yenyewe iko hivi. Seli ya saratani ni seli yako mwenyewe iliyoharibika, ndiyo maana kinga ya mwili mara nyingi huipita bila ya kuishuku. Lakini uharibifu ule hubadilisha baadhi ya protini zake, na kila mgonjwa ana mabadiliko yake. Basi daktari anautoa uvimbe, maabara inasoma vinasaba vyake na kuvilinganisha na vinasaba vya kawaida vya mgonjwa huyo, kompyuta inachagua mabadiliko yasiyozidi 20 ambayo kinga ina nafasi nzuri ya kuyatambua, halafu maelekezo yake yanaandikwa kwenye mRNA, yaani ujumbe unaouambia mwili utengeneze protini gani. Kinachopatikana anatiwa mgonjwa yuleyule kwa dripu. Chanjo ya mtu mmoja haimfai mwengine. Inaitwa autogene cevumeran, na BioNTech wanaiendeleza pamoja na Genentech ya Marekani, kampuni iliyo chini ya Roche.

Jaribio lililoleta gumzo lilifanyika spitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, likiongozwa na daktari wa upasuaji Vinod Balachandran. Ni awamu ya kwanza, yaani jaribio dogo la mwanzo, na ni saratani ya kongosho, moja katika saratani mbaya kabisa: hata Marekani, katika kila wagonjwa 100, wanaofikia miaka 5 ni kama 13 tu. Waliochanjwa walikuwa 16, wote wameshapasuliwa na uvimbe kuondolewa, wote walipewa pia dawa ya kuichochea kinga iitwayo atezolizumab, na 15 kati yao wakapewa na kemotherapia. Wanane kati yao miili ilizalisha seli T, yaani askari wa kinga, zenye kuutambua uvimbe wao. Wanane haikuzalisha. Ripoti ya kwanza ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2023, na ya pili mwaka 2025 baada ya kufuatiliwa kwa kiasi cha miaka 3. Katika wale wanane walioitikia, saratani ilirudi kwa wawili. Kwa wasioitikia ilirudi kwa saba.

Hayo ndiyo yaliyotufikia huku kwa jina la "dawa imepatikana".

#2 bint_Ngambo

Kaka MwanaWawi, ahsante kwa kutufungulia. Lakini mbona ushahidi umeshautoa mwenyewe? Wawili kwa saba, nani asiyeona tofauti hapo? Mtu ana mgonjwa wake ndani, utamwambia asubiri kitu gani tena?

#3 MwanaWawi

Dada bint_Ngambo, swali lako ndilo kiini cha uzi huu.

Watu wale 16 wote walichanjwa. Hakuna kundi ambalo halikuchanjwa. Waliogawanyika mafungu mawili waligawanywa na miili yao wenyewe, baada ya chanjo. Sasa huwezi kujua: hawa walioitikia wamepona kwa sababu ya chanjo, au ni watu ambao kinga yao ilikuwa na nguvu tangu mwanzo na wangekaa muda mrefu hata bila ya kuchanjwa? Watafiti wenyewe waliliona hilo. Walitazama namna mafungu yote mawili yalivyoitikia chanjo ya korona, wakakuta hawapishani. Maana yake kinga ya wale wasioitikia haikuwa imelala kwa kila kitu. Ni dalili nzuri, na naipa uzito, lakini haijawa uthibitisho.

Ndiyo maana mwaka 2023 ilianza awamu ya pili, iliyopangiwa wagonjwa 260 wa nchi mbalimbali waliokwisha pasuliwa. Wanagawiwa kwa kura: fungu moja linapata kemotherapia ya kawaida, fungu la pili linapata kemotherapia hiyo pamoja na chanjo na atezolizumab. Kinachohesabiwa ni muda ambao mtu anakaa bila ya ugonjwa kurudi. Jibu la swali lako litatoka huko, si kwenye wale 16.

Na sisi Wapemba tuna haki ya kulisema hili kuliko wengi, kwa sababu somo la kundi linganishi dunia imelipata hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Johns Hopkins, pamoja na watu wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, walikuwa wanawapa watoto wadogo wa Pemba madini ya chuma na asidi ya foliki. Nani angebisha wakati ule? Watoto wetu wengi walikuwa na upungufu wa damu, na vidonge vya chuma huongeza damu. Watoto 24,076 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawiwa kwa kura, wengine chuma, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, kwa ajili ya kulinganisha. Tarehe 19 Agosti 2003 kamati huru inayolinda usalama wa washiriki ikashauri vidonge vyenye chuma visimamishwe, na vikasimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kulazwa au kufa iliyozidi kwa 12%. Malaria ilikuwa nyingi Pemba miaka ile, na kumpa chuma kila mtoto bila ya kumpima kwanza kulikuwa kunawadhuru baadhi yao. Matokeo yalichapishwa kwenye Lancet mwaka 2006 na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa maeneo yenye malaria nyingi.

Hebu fikirini kama kila mtoto angepewa chuma na pasiwe na wa kulinganisha naye. Vifo vile vingeandikwa malaria, basi, na vidonge vingeendelea kugawiwa mpaka leo kwa nia njema kabisa. Kila nikisoma tangazo la kampuni lenye wagonjwa 16 wasio na wa kulinganishwa nao, nawakumbuka watoto wale.

#4 MzeeMtambwe

Mwanangu, nimekusoma kwa makini. Mimi nauliza la fedha. Kusoma vinasaba vya mtu mmoja mmoja, kumtengenezea dawa yake peke yake, kumfuatilia miaka mitatu. Nani anatoa pesa zote hizo, na anataka nini?

#5 MwanaWawi

Shikamoo mzee wangu. Hapa nitakaa kidogo, maana habari za fedha za kampuni hizi ndizo zinazoamua jaribio lipi liishi na lipi life, na sisi huwa tunazipita.

BioNTech walianza kwa mtaji wa ndugu wawili pacha, Andreas na Thomas Strüngmann, ambao mwaka 2005 waliwauzia Novartis kiwanda chao cha dawa cha Hexal. Wao ndio walioweka kiasi cha yuro milioni 150 mwaka 2008. Mwaka 2016 Genentech wakaingia kwa makubaliano ya dola milioni 310 kwa ajili ya chanjo hizi hizi za mtu mmoja mmoja. Halafu wawekezaji wengine: dola milioni 270 mwaka 2018, dola milioni 325 katikati ya mwaka 2019. Oktoba 2019 wakaingia soko la hisa la Nasdaq kwa dola 15 hisa moja, chini ya bei waliyokuwa wakiitaka, wakapata dola milioni 150. Mzee wangu, kufikia hapo ni miaka 11 na hawana dawa hata moja sokoni. Mwisho wa mwaka huo Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambayo ni fedha ya umma, ikawakopesha yuro milioni 50.

Kisha korona ikaja. Mwaka 2021 peke yake mapato yao yalifika yuro bilioni 19. Kwa hiyo anayelipia majaribio ya saratani leo, kwa sehemu kubwa, ni kila serikali iliyonunua chanjo yao ya korona. Mwaka 2024 mapato yalishuka hadi kiasi cha yuro bilioni 2.75 huku utafiti ukila yuro bilioni 2.25, na mwaka wakaufunga kwa hasara ya yuro milioni 665 hivi. Hasara hiyo haiwatishi, kwa sababu walikuwa bado na akiba ya yuro bilioni 17.

Sasa tazama akiba hiyo inaelekea wapi, ndipo utajua wanaamini nini. Mwishoni mwa 2024 walikubaliana kuinunua kampuni ya Kichina ya Biotheus kwa dola milioni 800, na zaidi mambo yakienda vizuri, ili wamiliki dawa iitwayo BNT327. Hii ni kingamwili yenye kazi mbili: inaondoa kizuizi ambacho saratani humwekea seli T, na inakata njia ya uvimbe kujijengea mishipa mipya ya damu. Juni 2025 Bristol Myers Squibb wakakubali kulipa dola bilioni 1.5 mwanzo kabisa ili washirikiane nao kwenye dawa hiyo. Magazeti yaliandika bilioni 11. Hiyo bilioni 11 ni "hadi", yaani kila jaribio lifaulu, kila kibali kitoke, kila lengo la mauzo lifikiwe. Ukikuta neno hilo kwenye tangazo la fedha, weka kando namba inayolifuata na utafute pesa iliyolipwa siku ya kutia saini.

Na mnaona BNT327 inatofautiana wapi na chanjo ya kwenye klipu? Chupa moja inamfaa kila mgonjwa. Kiwanda kinatengeneza nyingi, unaweka kwenye friji, unampa anayekuja. Chanjo ya mtu mmoja kwenye jaribio la New York ilichukua kiasi cha wiki 9 kutoka upasuaji mpaka dozi ya kwanza. Sisemi wameitupa chanjo, awamu ya pili inaendelea. Nasema mzigo mkubwa wa matumaini yao ya biashara sasa uko kwenye chupa ya wote.

Nani hasa wa kujifunza kwake? Dendreon ya Marekani. Walitengeneza Provenge, chanjo ya kutibu saratani ya tezi dume kwa kutumia seli za damu ya mgonjwa mwenyewe. Jaribio lao la wanaume 512 lilikuwa na kundi linganishi na lilionyesha maisha yanaongezeka kwa miezi 4.1. Aprili 2010 wakapata kibali, chanjo ya kwanza ya aina hiyo kukubaliwa Marekani. Bei: dola 93,000. Utengenezaji ulikuwa mgumu, madaktari wakasitasita juu ya malipo ya bima, vidonge vipya vya tezi dume vikaingia sokoni. Novemba 2014 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Dawa ilifanya kazi, jaribio lilifaulu, kibali kilitoka, na kampuni ikaanguka vilevile.

#6 Kijana_Darajani

Kwa hiyo broo kwa lugha nyepesi sisi hatuipati mpaka tunazikwa. Wanajaribu kwao, wanauza kwao.

#7 MwanaWawi

Kijana_Darajani, ukitazama Marekani na Ulaya tu utakata tamaa na mimi sitakulaumu. Tazama India, ambako watu wetu wanakwenda kutibiwa kila siku.

Kuna tiba ya kuchukua seli T za mgonjwa, kuzibadilisha maabara ziitambue saratani ya damu, na kumrejeshea. Inaitwa CAR-T. Huko Marekani ya mwanzo, Kymriah, ilipata kibali Agosti 2017 kwa bei ya dola 475,000. Mumbai, chuo cha teknolojia cha IIT Bombay na spitali ya Tata Memorial wakatengeneza yao. Kampuni iliyozaliwa chuoni hapo, ImmunoACT, ikapata kibali cha serikali ya India Oktoba 2023, dawa ikaitwa NexCAR19. Fedha ya umma ya India iliingia tangu hatua za majaribio kwa binadamu. Bei yake ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya Marekani. Bado ni pesa nyingi mno kwa familia ya Micheweni au Makunduchi, najua. Lakini bei ya kitu imeonyeshwa kuwa si amri ya Mungu, inategemea nani amelipia utafiti na anataka arejeshewe nini.

#8 bint_Ngambo

Kaka, mimi sina mgonjwa wa kongosho wala wa damu. Mama yangu mdogo ana saratani ya mlango wa kizazi. Ameandikiwa mionzi na kemotherapia Ocean Road, spitali ya saratani ya Dar, sasa ni yeye na boti, boti na yeye. Katika haya yote uliyoandika, kuna lake?

#9 MwanaWawi

Mungu amponye dada yangu. Liko, na nitakuambia lote.

Tiba ya kinga iliyokwisha kuthibitishwa kwa saratani ya mama mdogo si chanjo. Ni dawa za kuondoa kile kizuizi cha seli T, zile zilizowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Inayotumika zaidi ni pembrolizumab ya kampuni ya Merck ya Marekani. Kulikuwa na jaribio la wanawake 1,060 wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosogea lakini bado haijasambaa mbali. Wote walipata mionzi na kemotherapia, matibabu yaleyale ya mama mdogo, na nusu yao wakaongezewa pembrolizumab. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai walikuwa 82.6% kwa walioongezewa na 74.8% kwa wasioongezewa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaiweka pembrolizumab kwenye orodha ya dawa muhimu kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa.

Zisome namba zile kwa upande wa pili pia. Hao 74.8% walifika miaka 3 kwa mionzi na kemotherapia tu, bila ya ile dawa ya bei kubwa. Sehemu kubwa ya uhai wa mama mdogo imo kwenye matibabu aliyoandikiwa sasa hivi, na yanafanya kazi vizuri zaidi yakikamilika ndani ya wiki 8 bila ya kukatizwa. Kama familia ina shilingi za kuchanga, zichangwe kwenye nauli, mahali pa kulala Dar na chakula, asikose hata siku moja ya mionzi. Nalisema hili kwa uzito wote.

Kuhusu bei: mwaka 2024 pembrolizumab iliuzwa kwa dola bilioni 29.5 duniani. Hataza yake kuu Marekani, yaani haki ya kuiuza peke yao, inafikia mwisho mwaka 2028, na viwanda vingine vinajiandaa kutengeneza inayofanana nayo. Huo ni mwaka wa kuwekwa akilini na Wizara zetu kuanzia leo.

Na kuna kitu kimoja ninachokipenda kuliko vyote nilivyoandika humu. Tata Memorial ya Mumbai walijiuliza: hizi dozi kubwa zina ulazima? Dozi ya kawaida ya nivolumab, ndugu ya pembrolizumab, ni miligramu 240 kila wiki 2. Wao wakatoa miligramu 20 kila wiki 3. Walichukua wagonjwa 151 wa saratani ya kichwa na shingo, ile inayowapata sana watafunaji wa tumbaku, wakawagawa kwa kura, wote wanatumia vidonge vya bei nafuu na nusu wanaongezewa dozi ile ndogo. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai walikuwa 16.3% kwa vidonge peke yake na 43.4% kwa walioongezewa. Matokeo yamechapishwa mwaka 2023. Kampuni inayouza dawa haina sababu ya kulipia jaribio la kuthibitisha kwamba chupa moja inatosha watu wengi. Jaribio la namna hiyo litalipiwa na serikali, chuo au msaada wa hisani, au halitafanyika. Sisi tunaotafuna tumbaku na tambuu ndio tunaolihitaji.

#10 Famasia_Mkunazini

Naunga mkono, na naomba kuongeza kidogo upande wa usalama maana watu husikia "kinga" wakadhani haina madhara. Dawa hizi zikiiachia kinga, kinga inaweza kuushambulia mwili wenyewe: utumbo ukaharisha vibaya, mapafu yakavimba, ini, tezi ya shingo, mara nyengine kisukari kinaanza ghafla. Mengi yanadhibitika kwa steroidi, dawa za kuituliza kinga, yakigundulika mapema. Tatizo ni kwamba yanaweza kutokea miezi baada ya dozi, mgonjwa yuko kijijini, anapewa dawa ya kuharisha ya kawaida na kurudishwa nyumbani. Mwenye mgonjwa aliyepewa India, akirudi aje na barua yenye jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, na aionyeshe kila kituo anachoingia, hata akiwa na kikohozi tu.

#11 MzeeMtambwe

Allah awalipe. Swali langu la mwisho: sisi tumekua na kichocho. Wengi wa rika langu tulikojoa damu utotoni. Nasikia kinaleta saratani ya kibofu, na nasikia BCG ya watoto inaitibu. Ni kweli?

#12 MwanaWawi

Kweli zote mbili, mzee wangu, lakini haziungani kirahisi.

BCG ileile ya kifua kikuu inayowaachia watoto kovu mkononi inatumika kwa saratani ya kibofu tangu Alvaro Morales wa Canada alipoandika matokeo yake mwaka 1976. Inatiwa ndani ya kibofu kwa mpira, inaichokoza kinga ya pale pale, na kinga inashughulika na saratani iliyobakia juu juu baada ya uvimbe kukwanguliwa. Kwa hiyo tiba ya kinga si kitu kilichozuka na makampuni ya juzi.

Ila saratani inayoletwa na kichocho mara nyingi ni ya aina nyengine, na hugunduliwa ikiwa imeshazama kwenye ukuta wa kibofu. Hiyo BCG haiiwezi, inataka upasuaji. Unguja na Pemba tumepunguza kichocho sana kwa kidonge cha praziquantel kilichogawiwa maskulini na mitaani, na kidonge kile kwa wajukuu zako kina thamani kuliko chanjo yoyote ya Mainz. Vivyo hivyo sindano ya HPV kwa wasichana, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania imeianza mwaka 2018, na ya homa ya ini B, ya kukinga saratani ya ini, ambayo watoto wanapata kwenye chanjo zao za mwanzo. Wewe mwenyewe ukiona damu kwenye mkojo umri huu, hata mara moja, hata bila ya maumivu, usiseme ni kichocho cha zamani kimerudi. Nenda upimwe.

#13 Kijana_Darajani

Sawa nimeelewa, nashukuru kaka. Ila kuna jamaa kwenye grupu letu anasema yeye ni wakala, anaweza kumuingiza mtu kwenye jaribio la hiyo chanjo kwa dola elfu tano, nafasi zinakwisha. Jirani yetu ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba lake la mikarafuu. Nimwambie nini?

#14 MwanaWawi

Mwambie leo hii, usingoje kesho.

Jaribio la dawa halali haliuzi nafasi. Dawa inayojaribiwa hulipiwa na anayelifadhili jaribio, na mshiriki halipi ili aingie. Anayekudai pesa ya kuingia ni tapeli, hata akikutumia picha ya jengo na mihuri. Pili, kuingia kunategemea vigezo vilivyoandikwa kabla: aina ya saratani, hatua yake, upasuaji ulifanyika lini, figo na ini zikoje. Jaribio la kongosho, kwa mfano, linachukua waliopasuliwa na uvimbe ukaondolewa wote, wala hawajapata matibabu mengine. Ambaye ugonjwa umeshasambaa hachukuliwi, awe na shamba au asiwe nalo.

Kila jaribio kubwa limeandikishwa hadharani. La kongosho liko kwenye tovuti ya ClinicalTrials.gov, na yanayofanyika Afrika mengi yako kwenye rejista ya Pan African Clinical Trials Registry. Unaandika jina la ugonjwa, unaona spitali zinazoshiriki na nchi zake. Mwambie huyo wakala akupe namba ya usajili wa jaribio. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Na kwa lolote litakalokuja kufanyika hapa Zanzibar, lazima lipite kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Mtu ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi, kusomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili mpaka aelewe, kukataa, na kutoka katikati bila ya kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Nami ningependa siku moja nione jina la Zanzibar kwenye rejista zile upande wa saratani. Kazi ya majaribio tunaiweza. Dawa mpya ya minyoo, emodepside, ilijaribiwa hapa Pemba na matokeo yake yakatoka kwenye New England Journal of Medicine mwaka 2023. Saratani inataka zaidi ya hapo: majibu ya patholojia (uchunguzi wa kipande cha uvimbe) yanayotoka haraka, mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili, daktari wa saratani, kitanda cha kumlaza mgonjwa usiku kinga ikimgeukia. Lakini jaribio la dozi ndogo kama lile la Mumbai, likiunganisha Ocean Road na spitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja, sioni kwa nini liwe ndoto. Wenye nafasi ya kuwafikia wakubwa wa Wizara, lifikisheni.

Kijana, jirani asipokusikia niandikie inbox. Nitampigia mwenyewe kabla hajatia saini ya kuuza.